Pazia Lisilofika Ukutani: Maswali Yenu Kuhusu Vyumba vya Kujaribia Nguo

Nilipogusia hapa kwamba maduka mengi ya nguo yana chumba kimoja cha kujaribia kwa wanawake na wanaume, mliniandikia wengi kuliko nilivyotegemea. Wengine mna hasira, wengine mna hofu, na baba mmoja alinigusa sana. Nimechagua maswali machache, mengine nimeyafupisha.

Dada, kuna duka la magauni nalipenda hapa Sinza. Lina chumba kimoja tu kwenye kona, chenye pazia, na wanaume wanaingia humohumo. Mume wangu ananikataza kuvua nguo pale. Yuko sahihi?

Nusu. Fremu ya mita tatu kwa nne haina nafasi ya vyumba viwili, na mwanaume aliyetoka humo kabla yako na jinzi mkononi hajakupunguzia kitu. Mnaingia kwa zamu. Chumba cha zamu hakinitishi kwa sababu ya nani ametoka. Kinachonitisha ni nani anaona wakati mimi nimo ndani.

Nilipomaliza kidato cha nne niliuza nguo miaka miwili kwenye fremu moja Kariakoo. Kona yetu ya kujaribia ilikuwa na pazia la kitenge lililopitishwa kwenye waya. Pete mbili zilishakatika, kwa hiyo ukilivuta lifike kushoto, kulia panabaki upenyo wa vidole vinne. Ukutani, upande wa pili, palikuwa na kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Siku moja mchana niliinua macho pale kaunta nikaona kwenye kioo mgongo mzima wa mama wa makamo, anahangaika na zipu. Kwenye benchi walikaa wanaume wawili waliosindikiza wake zao, wametazama kioo hichohicho. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kioo kilitundikwa pale kwa sababu ndipo palipokuwa na msumari. Nilikihamisha jioni ileile. Yule mama sikumwambia, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Kwa hiyo ukienda tena, nenda na mtu. Ingia, funga pazia ukiwa na nguo zako zote, yeye asimame kaunta, halafu kwenye benchi, halafu mlangoni, akuambie anaona nini. Mimi hubeba vibanio viwili vya nguo kwenye pochi, vile vya kuanikia. Upenyo wa pazia unafungwa kwa sekunde tano. Kama pazia ni fupi au jepesi kiasi kwamba taa ya ndani inachora kivuli chako, mumeo ameshinda. Jaribu gauni juu ya nguo zako, au mwambie muuzaji utalijaribia nyumbani na kulirudisha kesho kama halikukaa. Akubali kabla hujatoa hela, na aandike kwenye risiti.

Nalea binti yangu wa miaka 12 peke yangu, mama yake alifariki. Kwenye duka moja kubwa hapa Mombasa nilizuiwa kusimama karibu na vyumba vya wanawake, naye akaogopa kuingia peke yake. Tuliondoka bila nguo. Nifanyeje?

Pole sana, baba, na pole kwa msiba. Barua yako imenifanya nifikiri upya, maana nilikuwa naelekea kusema kila duka litenge pa wanawake na pa wanaume, basi. Waliokuzuia walikuwa wanalinda wanawake waliokuwa ndani, na wala siwalaumu. Lakini walitakiwa wampe binti yako kitu badala yake.

Zipo njia. Omba mhudumu wa kike amsindikize mpaka mlangoni na asimame hapo, wewe ukibaki mahali ambapo sauti yako inamfikia. Mfundishe kabla hamjatoka nyumbani: anaingia peke yake, hakuna mtu mzima anayeingia naye kumsaidia kufunga vifungo, hata awe mhudumu, hata awe mwanamke. Akikwama anaita jina lako kwa sauti. Mvalishe fulana na kaptura ya kubana ndani, ili hata akijaribu sketi asibaki mtupu. Na kama kuna shangazi au jirani unayemwamini, mwombe siku ya kununua sidiria za kwanza. Utampunguzia mtoto aibu.

Duka linaloweza kuwasaidia ninyi wawili ni lile lenye chumba kimoja kikubwa chenye kuta kamili na mlango wa kufunga kwa komeo, kisicho cha jinsia yoyote. Anakitumia mama mwenye mapacha, mzee anayesaidiwa na mwanawe kuvaa suruali, mtu mwenye kiti cha magurudumu, na baba kama wewe anayesubiri nje ya mlango. Nikiwa na duka leo, ningeanza na hicho.

Ni kweli ukigusa kioo kwa kidole, na kidole kikagusana na kivuli chake bila nafasi, basi kuna mtu nyuma anakuona?

Usitegemee kipimo hicho. Kioo cha kawaida kimepakwa rangi ya kuakisi upande wa nyuma, ndiyo maana unaona nafasi ndogo kati ya ukucha na taswira yake. Lakini vipo vioo vya kawaida vilivyopakwa mbele, na cha kupeleleza kinaweza kugeuzwa. Utaogopa bure, au utatulia bure.

Kumbuka kinavyofanya kazi. Kioo cha namna hiyo kinataka upande wako uwe na mwanga mkali na upande wa mtazamaji uwe giza. Vuruga hilo: bandika uso kwenye kioo, zungushia viganja kuzuia mwanga, washa tochi ya simu uibane kwenye kioo. Kama nyuma kuna nafasi, utaiona. Kioo kilichoning'inizwa kwenye msumari kisikuumize kichwa. Kisogeze utazame ukuta.

Kamera ndogo ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, maana siku hizi inauzwa kwa bei ya viatu. Pitisha tochi taratibu kwenye kulabu za nguo, soketi, kitambua moshi, tundu kwenye dari la jipsamu, na kitu chochote ambacho hakina sababu ya kuwa pale. Lenzi hurudisha nukta ya mwanga. Lakini nakuomba usisahau njia rahisi kuliko zote, ambayo haihitaji kamera ya siri: simu ya mtu wa chumba cha jirani, imepitishwa juu ya ubao au chini yake. Tazama juu, tazama chini. Kama chini pana nafasi, weka mkoba wako hapo.

Nina duka la nguo Mwanza. Wezi wananimaliza, wanavaa blauzi yangu ndani ya yao na kutoka. Nimeambiwa nifunge kamera pale kwenye vyumba vya kujaribia. Naruhusiwa?

Ndani ya chumba, hapana. Usifanye hivyo hata kwa siku moja, hata kama umebandika tangazo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya Tanzania inalinda faragha ya mtu. Tena picha ya mteja ni taarifa binafsi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na awe na sababu halali ya kuzikusanya. Kulinda blauzi hakuwezi kuwa sababu halali ya kumpiga picha mtu aliyevua nguo.

Nje ya chumba ndipo wengi wanapoteleza. Aprili 2015, huko Goa, India, Smriti Irani, wakati huo akiwa waziri katika serikali ya nchi yake, aliingia duka la nguo akaona kamera iliyoelekea kwenye chumba cha kujaribia. Haikuwa ndani. Wenye duka walijitetea kwamba ni kamera ya kawaida ya ulinzi na haikufichwa. Polisi waliingia kati hata hivyo, na kelele zake zilienea India nzima. Kwa hiyo fundi akishafunga kamera zako, usimalizane naye kwa kutazama kamera. Tazama skrini. Mwambie mdogo wako aingie kila chumba, ainue mikono juu kama anayevua shati, wewe ukitazama skrini. Ukiona hata vidole, geuza kamera.

Kuhusu wezi, dawa yake ni ya zamani na haina waya. Hesabu nguo anazoingia nazo, mpe kibao chenye namba hiyo, zihesabu akitoka. Weka kikomo cha nguo nne. Mweke mtu mwenye adabu mlangoni, asiyechungulia na asiyegonga kila dakika. Sisi tulipoanza vibao, vilivyokatwa kwenye boksi la viatu na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito, bosi aliacha kutukata mshahara kwa nguo zilizopotea.

Niko Leicester, Uingereza. Najistiri kwa hijabu. Maduka kadhaa huku yameondoa vyumba vya wanawake, vyote ni vya wote, mstari mmoja. Wenzangu wananiambia nimepitwa na wakati nikilalamika. Ni kweli?

Hujapitwa na wakati, dada yangu. Hapa ndipo ninapoachana na lile la Sinza. Kule mnaingia kwa zamu. Kwenye mstari, mtu usiyemjua amevua upande wa pili wa ubao wakati huohuo na wewe umevua, na mkitoka kujitazama mnakutana kwenye ujia mmoja. Kama mbao zinafika sakafuni na darini na milango ina komeo, naweza kuvumilia. Kama ni mapazia na mbao za usawa wa kichwa, basi nataka pa wanawake pekee, na nalitaka bila kuomba radhi.

Mwaka 2018 gazeti la The Sunday Times la huko lilichapisha takwimu kuhusu vyumba vya kubadilishia nguo kwenye mabwawa ya kuogelea na vituo vya michezo. Kati ya malalamiko 134 ya udhalilishaji wa kingono na kuchunguliwa, 120 yalitoka kwenye vyumba vya jinsia zote. Hayo ni mabwawa, si maduka, na takwimu haisemi vyumba vya kila aina vilikuwa vingapi, kwa hiyo usiitumie kama rungu. Lakini anayekuambia hofu yako haina msingi, muoneshe.

Sheria ya Usawa ya 2010 ya huko inaruhusu huduma za jinsia moja panapokuwa na sababu ya msingi. Meneja akikuambia sheria inamkataza, muulize kifungu. Mwandikie kwa heshima, sema unataka nini hasa: vyumba vitatu vya mwisho viwe vya wanawake, viwe na milango. Ombi lenye hesabu ni gumu kulipuuza. Na kuchungulia mtu akiwa faraghani kwa kujiridhisha kimapenzi ni kosa la jinai huko chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2003, mtu anafungwa mpaka miaka miwili.

Mpenzi wangu anataka tuingie wote nijaribu nguo. Kuna ubaya?

Kwenye chumba cha watu wote, ndiyo. Aliye chumba cha pili anasikia sauti ya mwanaume nyuma ya ubao na hajui kama mmekubaliana. Akae nje, utoke umuoneshe.

Duka halina kioo ndani, lazima utoke mbele ya watu wote ndipo ujione. Naona haya.

Beba khanga, utoke umejitanda, ufunue mbele ya kioo tu. Na umwambie mwenye duka kioo cha elfu chache kitamuuzia nguo nyingi.

Nilipokuwa najaribu suruali niliona simu chini ya ubao. Nilipiga kelele, kijana akakimbia, wenye duka wakaniambia nisiwaharibie biashara. Imepita wiki. Nimechelewa?

Hujachelewa, na hukukosea kupiga kelele. Fanya leo. Andika kila unachokumbuka: siku, saa, chumba cha ngapi, alivaa nini, nani alikujibu nini. Tafuta risiti kama ulinunua kitu. Kisha nenda kituo cha polisi ukaulize Dawati la Jinsia na Watoto, ueleze, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Waombe polisi wadai picha za kamera za dukani haraka, kwa sababu mashine nyingi hufuta za zamani zenyewe baada ya siku kadhaa na kurekodi juu yake. Hilo ndilo linalonifanya nikuhimize usingoje kesho.

Ikija kutokea, Mungu aepushie, ukatumiwa picha yako, usimjibu wala usimtumie hela. Piga picha ya skrini ikionesha jina la akaunti na tarehe, ndipo uripoti. Kuna huduma ya bure inaitwa StopNCII: picha inabaki kwenye simu yako, mfumo unatengeneza alama yake tu, na mitandao inayoshiriki inaitumia alama hiyo kuizuia isipandishwe. Kwa walio Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 inamtoza anayesambaza picha za faragha za mtu faini ya hadi shilingi 200,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote.

Na wale wenye duka, rudi kwao na mtu mzima mmoja unayemwamini. Usiende kugombana. Waulize mbele yake kama ule ubao wameushusha mpaka chini, kisha uniandikie walichokujibu.