Toyota siyo aina ya gari, na kupe ni mdudu

Swali: Shikamoo mwalimu. Babu kaacha sanduku la majarida ya Kimarekani ya miaka ya 50 na 60, yamejaa matangazo ya magari, Pontiac, Buick, Cadillac. Nataka nikate picha nizibandike kwenye albamu na chini ya kila moja niandike aina ya gari kwa Kiswahili. Nimekwama kwenye saluni, kupe, haditopu na stesheni wagoni. Naandikaje?

Marahaba mwanangu. Swali zuri, ila ndani yake kuna neno linalonipandisha presha miaka nenda miaka rudi, nalo ni hilo "aina", kwa hiyo nivumilie kwanza nitoe la moyoni.

Washa redio saa yoyote utasikia "gari aina ya Toyota limegongana na gari aina ya Scania". Jamani, Toyota siyo aina! Toyota ni kampuni, ni chapa. Kampuni hiyohiyo inatengeneza pikapu, basi dogo, kigari cha kwendea sokoni na shangingi la mheshimiwa, sasa ukiniambia aina ya Toyota umeniambia nini? Ni kama umefika kwa mama lishe una njaa, unauliza leo kuna chakula aina gani, unajibiwa "kuna chakula aina ya Mama Rehema". Sawa, Mama Rehema ndiye kapika, nimeelewa, lakini ni wali au ugali? Unarudia swali, unaambiwa "aina ya Mama Rehema, rangi nyeupe, namba T 123". Ndiyo habari zetu za ajali hizo kila siku, mpishi tunamjua, chakula hatukijui.

Mtaani wana akili zaidi ya wenye maikrofoni, mimi nasema hivyo bila woga. Kipanya lile basi dogo, shangingi, na ile pikapu iliyofungwa mabenchi abiria wakatazamana magoti kwa magoti, ikaitwa chai maharage. Ukisikia tu unaiona ilivyo. Nairobi nako matatu ya abiria 14 ni nissan hata kama ni Toyota Hiace, yaani unapanda nissan aina ya Toyota na hakuna anayeshtuka! Hao nawasamehe, maana wameichukua chapa wakaigeuza umbo kabisa, na lugha inaruhusu.

Kwenye albamu yako chapa iwe chapa, na aina liachie umbo la bodi. Andika "Chapa: Pontiac. Aina: sedani."

Ndiyo, sedani, lile gari la kawaida lenye buti nyuma. Saluni achana nayo, watu watadhani babu alikuwa na gari ya kusukia nywele. Najua saluni ya gari na saluni ya nywele baba yao mmoja, Mfaransa, lakini ukoo hautakusaidia mbele ya msomaji anayecheka. Na wenye majarida wenyewe, Wamarekani, wanasema sedani.

Kupe sasa. Kwa Kifaransa maana yake iliyokatwa, kwa sababu ni gari iliyofupishwa kabini. Kwa Kiswahili kupe ni yule anayenyonya ng'ombe, na ukimwandikia mfugaji "Cadillac kupe ya 1949" atakuuliza josho liko wapi. Wengine wanaandika "kupee", sikipendi lakini sina kingine, haya andika kupee nitafumba macho.

Haditopu iache ilivyo ila kuwa macho, maana hapa matangazo yenyewe ni matapeli. 1949 General Motors, kampuni mama ya chapa zako hizo, walitoa Buick Riviera, Cadillac Coupe de Ville na Oldsmobile Holiday, paa la chuma halifunguki hata ukilia, halafu gari za hivyo wakazinadi kama gari za kufunguka paa, zenye paa gumu! Ukitafsiri tangazo neno kwa neno umeliwa. Angalia picha: vioo vikiwa chini, kati ya dirisha la mbele na la nyuma kuna nguzo? Hakuna na paa ni la chuma, hiyo haditopu. Ipo, ni sedani au kupee ya kawaida.

Usipime kwa upana wala urefu, hasa hizo Pontiac. Kuanzia 1959 picha zake za matangazo zilichorwa kwa mkono na Art Fitzpatrick na mwenzake Van Kaufman, mmoja gari, mwingine watu na mandhari, na Fitzpatrick alikuwa anaivuta gari kwa makusudi mpaka inakaribia kujaza barabara. Hesabu nguzo.

Stesheni wagoni, ile yenye paa lililonyooka mpaka nyuma, ilianza kama gari ya kupokea wageni na mizigo yao stesheni ya treni, ndo jina hilo. Kenya wazee waliosafiri na Peugeot 404 ya safu tatu za viti hawakuhangaika nalo, walisema Peugeot tu. Wewe andika wagoni, inatosha.

La mwisho, juu ya albamu andika "Magari ya zamani", usithubutu kuandika "ya kizamani". Ya kizamani ni ile suruali yangu. Na ukikuta Pontiac imechorwa nyembamba, nitumie picha.