Kiwanja Bagamoyo: usitoe kishika uchumba bado

Mkuu, umesema kiwanja ni 20 kwa 30, nje kidogo ya mji upande wa baharini, hakijapimwa, ni shamba la urithi, dalali anataka kishika uchumba (malipo ya awali) wiki hii na mwenyekiti wa kitongoji yuko tayari kugonga muhuri. Shikilia hela yako kwanza.

Muhuri wa mwenyekiti unaonyesha tu kwamba mmeuziana mbele yake. Haumfanyi muuzaji kuwa mwenye mali, na kama ardhi bado ni ya kijiji, inayoidhinisha ni halmashauri ya kijiji, si yeye peke yake. Kwa shamba la urithi dai karatasi ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi, maana ukoo unapendekeza tu, mahakama ndiyo inayoteua. Anayesaini mkataba awe yule yule mwenye jina mle, si kaka mkubwa "anayewakilisha familia", na warithi wote wasaini kuridhia. Hapa ndipo watu wengi wanapolizwa: dada aliyeolewa Tanga anarudi baada ya miaka, anakuta nyumba imefika kwenye linta, anakwenda mahakamani, na ana haki yake. Uliza pia minazi na mikorosho iliyomo ni ya nani. Huku Pwani mti unaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye ardhi, naye atadai fidia.

Halafu lipa mpima mwenye leseni achukue majira ya nukta (coordinates) ya kona zote nne, uyapeleke idara ya ardhi ya halmashauri ya wilaya walinganishe na ramani ya mipango miji. Utajua kama umeangukia kwenye barabara iliyochorwa, eneo la wazi au ardhi iliyotwaliwa kwa mradi. Kumbuka hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Tena upime kwa mita: hatua 20 za dalali mara nyingi hazifiki mita 20. Kingekuwa kimepimwa na kina hati, ungefanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone jina la mmiliki, rehani na zuio.

Sasa ardhi yenyewe. Usiikague kiangazi tu. Nenda wakati wa masika, na uchague siku za bamvua, mwezi mchanga au mpevu, maji yakiwa yamejaa. Tazama chini dalili za maji ya chumvi kufika: mashimo ya kaa, ukoko mweupe wa chumvi, udongo mweusi unaonata kwenye kiatu. Kwenye kuta za majirani angalia plasta inayomomonyoka inchi chache juu ya msingi. Hiyo ni chumvi inayopanda na unyevu. Chimba shimo la mita 1.5 pale utakapoweka shimo la choo, uliache hadi kesho yake. Maji yakisimama ndani, shimo la kawaida litafurika kila masika, na utahitaji kifusi kingi kunyanyua kiwanja. Piga hesabu ya kifusi hicho kabla hujasema bei ni rahisi.

Maji ya kisima yakiwa na munyu usichanganyie zege, wala usitumie mchanga wa ufukweni, kwa sababu chumvi inakula nondo kwa ndani na zege linapasuka. Kwenye msingi acha walau sentimita 5 za zege kufunika nondo.

Yote yakikaa sawa, mkataba uandikwe na wakili, si dalali. Uwe na majira ya nukta ya kona, saini za majirani wa pande zote, ridhaa ya mke au mume wa muuzaji, na nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji (ile ya kuuza kiwanja). Pesa ipite benki, na kiasi kibaki mkononi mwako mpaka mpima asimike mawe ya mipaka majirani wakishuhudia.