Mashine inalia "ka" halafu kimya

SWALI: Fundi habari, mashine yangu ya kukata majani ile ya kukalia nikiwasha funguo inalia "ka" moja tu halafu kimya, na betri nimeweka mpya juzi tu, sasa shida nini tena?

JIBU: Nzuri ndugu. Betri kuwa mpya haimaanishi imejaa, we ipime kwanza na multimita, ikijaa inasoma kama volti 12.6, ukiwasha ikaanguka sana hata chini ya 9 basi irudishe chaji kabla hujalaumu kitu kingine. Volti ziko poa? Nenda kwenye waya, hasa ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi, hapo ndo wengi wanapigwa chenga, unakuta nati imelegea au kutu imejaa, fungua, piga msasa, kaza.

Huo mlio ni solenoidi (swichi ya umeme inayopeleka umeme wa betri kwenye stata, ile mota ya kuzungusha injini), yaani umeme wa funguo unaifikia, kwa hiyo swichi ya kiti na ya breki usizihangaikie (na usije ukaziunga moja kwa moja kama wanavyofanya wengine, zile zinalinda miguu yako!). Sasa weka multimita kwenye ncha mbili kubwa za solenoidi, mwenzio awashe. Zikibaki volti kama 12, solenoidi imekufa ndani, badilisha. Zikishuka karibu na sifuri na bado haizunguki, stata ndo mgonjwa, au waya wake. Ila chomoa funguo na waya wa plagi kabla hujaingiza mkono karibu na visu.