Kabla ya mbinu, niambie unalala vipi

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Ni mbinu ipi bora ya kuota huku unajua kwamba unaota?", limenigusa pabaya. Ninyi mmeuliza mbinu. Mimi nataka kwanza kujua huyo anayezitafuta analala vipi, na analala na nani.

Mbinu inayosifiwa sana inakutaka ulale muda wa saa 5, uamshwe na simu, ukae macho kidogo, kisha urudi kitandani. Sasa huku kwetu Ngamiani nyumba ni korido moja, vyumba huku na huku, dari hakuna, na kikohozi cha chumba cha mbele kinasikika uani. Ukilala saa 4 usiku, simu inalia saa 9. Mpangaji mwenzako anayeamka saa 10 kuchoma vitumbua umemfanyaje hapo? Ndiyo maana nasema mambo haya yaachwe. Kuukatakata usingizi ili ujue unaota na uruke angani ndotoni upendavyo ni kujidhulumu, na ni kuwadhulumu wenzako.

Lakini siwezi kusema hivyo nikanyamaza habari ya mtoto wa kaka yangu.

Kijana huyu alikuwa mvuvi, akitokea Sahare. Msimu mmoja wa kusi mashua yao ilipinduka usiku, wakang'ang'ania ubavuni mwake mpaka wenzao walipowakuta alfajiri. Wote walisalimika, alhamdulillahi. Yeye akarudi na ndoto: maji yanapanda, mkono unateleza kwenye ubao. Alikuwa anapiga kelele nyumba nzima inaamka. Wazee wakamfundisha yanayojulikana, atemee kushoto mara tatu, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu, ageukie ubavu mwingine. Akanywa na kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya. Alitulia, kisha ndoto ikarudi.

Ndipo rafiki yake akamwonyesha mbinu hizi kwenye simu, naye akaanza na ile ngumu: unalala chali bila kujitikisa, akili ikae macho mwili ukisinzia, uingie ndotoni moja kwa moja. Usiku ule sikusikia kelele. Asubuhi akaniambia alitaka kupiga kelele akashindwa. Kifua kimebanwa, mwili ganzi, na mtu amesimama nje ya chandarua anamtazama. Jinamizi. Usingizi wa ndoto huilegeza misuli karibu yote, hubaki macho na pumzi, na akili ikizinduka kabla ya misuli unajiona umefungwa. Ni kwa sababu macho yanabaki huru ndipo Keith Hearne, pale Hull, Uingereza, mwaka 1975, alipoweza kumfanya mtu aliyelala atoe ishara kwa kuyapeleka kushoto na kulia. Ugunduzi mkubwa. Ila kwa kijana aliyekwisha kuonja kuzama, mbinu ile ilikuwa mateso.

Akahamia kwenye kuikagua mikono mchana kutwa. Tunakula wali, ananyamaza, anageuza kiganja, anahesabu vidole, kisha anakisukuma kidole cha shahada katikati ya kiganja kuona kama kitapenya, maana ndotoni kinaweza kupenya. Kidole chenyewe kina kovu la mshipi, na ukucha ulikuwa unageuka mweupe kwa kubonyeza. Hata sokoni, mbele ya muuza dagaa. Nikamwambia, "Mwanangu, watu watasema umerogwa." Akanijibu, "Shangazi, nazoea mchana ili usiku nikumbuke." Kwa muda mrefu hakukumbuka.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Nyumba nzima inaamka kula daku, hakuna anayemkera mwenzake. Yeye anakula, anaswali alfajiri, anarudi kulala, na wakati ule ndio ndoto huwa ndefu. Akilala anatia nia: nikiota tena niko baharini, nitakumbuka kwamba ni ndoto. Huku anaiwaza ndoto ileile na kujiona ndani yake akizinduka. Mbinu hii ya nia ni ya Stephen LaBerge wa Stanford, Marekani. Asubuhi moja akaja jikoni, hata shikamoo hakutoa.

"Nimekitazama kidole changu kwenye ubao, shangazi, kikapenya. Nikauachia. Nikasimama. Maji yalikuwa ya magotini."

Ndoto ile ilimrudia baadaye, mara chache, na bila kelele. Sisemi ni mbinu peke yake. Muda ulikuwa umepita, na alikuwa ameanza kukaa na mzee mmoja wa pwani aliyepata kuzama, wakazungumza sana.

Kwa hiyo mkinibana nichague, nachagua nia, itiwe saa ambayo ungeamka hata hivyo: daku, tahajudi, mtoto analia. Lala ubavu, maana chali ndiko jinamizi hukaba zaidi. Usitarajie kila usiku. Kwenye utafiti wa Denholm Aspy kule Australia, uliotoka 2017, waliounganisha kuamka, nia na kujikagua walifanikiwa takriban usiku 17 tu katika kila 100. Mwenye usingizi wa shida asijaribu, wala anayechanganya ya ndotoni na ya macho. Na anayetaka kuruka tu angani? Nilianza barua hii nikimkataza. Kama usingizi wake unamtosha na hamwamshi mtu, sina tena la kumkatalia.

Msomaji, Ngamiani, Tanga