Wewe unayeshinda na mionzi, macho yako yamepimwa lini?

Nimefanya kazi ya eksirei Mtwara na Lindi tangu enzi za filamu za kusafishwa gizani, na jambo moja linaniuma: sisi tunaoshinda na mionzi tunapimwa presha, tunachanjwa homa ya ini, lakini macho hakuna anayeyauliza. Mtu anakwenda kliniki ya macho siku ameshindwa kusoma jina la mgonjwa kwenye fomu.

Nianze kwa kuwatoa hofu wasiohusika. Mgonjwa aliyepigwa picha ya kifua hana sababu ya kuogopa mtoto wa jicho, yaani ule ukungu wa lenzi ambao mionzi huweza kuuleta, kwa picha hiyo. Hata mpiga picha anayebonyeza kitufe akiwa nyuma ya ukuta au kioo chenye madini ya risasi, macho yake hupata kidogo sana. Nawaandikia wale wanaosimama kando ya meza mashine ikiwaka: madaktari wa mifupa, wauguzi wa chumba cha upasuaji, sisi tunaoendesha mashine humo, na yule anayeitwa kila siku amshike mtoto asitikisike. Pia vijana wanaokagua viungo vya mabomba vilivyochomelewa kwa chanzo cha iridiamu-192, madini yanayotoa mionzi.

Kuna dada mmoja, muuguzi wa upasuaji, tuliyesimama naye miaka mingi huku mifupa ya vijana wa bodaboda na ya walioanguka kwenye mikorosho ikinyooshwa chini ya mashine. Siku moja akaniambia, "Kaka, ndani naona vizuri, lakini nikitoka nje mchana ni kama nimemwagiwa maziwa machoni." Kusoma karibu kulianza kumshinda, na usiku taa za magari zikawa zinamtawanyikia. Alidhani ni umri. Akawa ananunua matone duka la dawa, akiyatumia wiki baada ya wiki.

Daktari wa macho alimpanua mboni kwa dawa, akamulika, akakuta ukungu nyuma kabisa ya lenzi, katikati. Ndiyo maana jua lilimsumbua: mboni ikisinyaa kwa mwanga mkali, njia pekee inayobaki ni ile iliyozibwa. Aina hiyo ndiyo inayohusishwa zaidi na mionzi. Lakini matone yenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, nayo huileta, na kisukari huchangia, kwa hiyo daktari alimwambia waziwazi kwamba hawezi kuapa chanzo ni kipi. Nampenda kwa ukweli huo. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa lenzi bandia, na sasa anaona. Matone yale aliyatupa, nami nakusihi usijinunulie matone ya steroidi bila daktari.

Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu, na chembe zake zilizoharibika hazina pa kutokea. Zilizoguswa na mionzi pembezoni husogea taratibu mpaka nyuma, zikakusanyika huko. Yaweza kuchukua miaka mingi, ndiyo maana mtu hakumbuki kuilaumu kazi yake. Zamani iliaminika kwamba lenzi inavumilia dozi kubwa. Uchunguzi wa watu kama waliosafisha Chernobyl, kinu cha nyuklia kilicholipuka, ulionyesha vingine, na mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ikapendekeza kikomo cha lenzi kwa mfanyakazi kishuke kutoka milisiverti (kipimo cha dozi ya mionzi) 150 kwa mwaka hadi 20, kwa wastani wa miaka 5, na mwaka wowote mmoja usizidi 50. Aliyesoma chuo kabla ya hapo huenda bado anaishika ile 150 kichwani.

Sasa tazama tunavyovaa. Aproni ya risasi inafunika kifua mpaka magoti, kola inakinga shingo, uso uko wazi. Beji, kile kifaa kidogo kinachopima mionzi unayopata, ikiwa ndani ya aproni inaeleza habari za kiwiliwili kilichofunikwa, na majibu yakirudi madogo tunafurahi, kumbe macho hayakuhesabiwa. Anayefanya kazi chumba cha upasuaji aombe beji ya pili ya kuvaa nje, kwenye kola. Na ivaliwe! Kituo kimoja nilikopita, beji zilining'inia kwenye msumari ndani ya chumba cha mashine usiku na mchana, kisha zikatumwa kusomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Majibu yale yalikuwa ya ukuta, si ya watu.

Chumbani, cha kwanza ni kurudi nyuma. Ukisimama mita 2 badala ya 1, unachopata kinashuka hadi karibu robo ya kile cha mwanzo. Mwombe daktari tyubu, sehemu ya mashine inayotoa mionzi, iwe chini ya meza, kwa sababu mionzi inayotawanyika huwa mingi zaidi upande wa tyubu. Miwani ya risasi iwe na kinga pembeni: wewe unatazama skrini, mionzi inakujia kwa upande kutoka kwa mgonjwa. Mtoto ashikwe na mzazi wake aliyevalishwa aproni, ilimradi mama si mjamzito. Mzazi anashika mara moja. Wewe ukizoea, utashika mamia.

Kisha kapime. Sema waziwazi kwamba unafanya kazi ya mionzi na unaomba mboni ipanuliwe, kwani kusoma herufi za ukutani peke yake hakuonyeshi ukungu ukiwa mchanga. Nenda na mtu, usiendeshe pikipiki siku hiyo, utaona ukungu kwa saa kadhaa. Kumbukumbu za dozi zako ziombe kwa maandishi kwa msimamizi wa kinga ya mionzi wa kituo, na ukihamishwa, hata kama ni kutoka Newala kwenda Nachingwea, ondoka na nakala mkononi.