Sesiya ya mitihani ikiisha, msikimbilie Vita na Amani

Wadogo zangu mnaosoma huku Urusi, wa podfak (mwaka wa maandalizi ya Kirusi) na mwaka wa kwanza,

Juzi nimepita hosteli nikamkuta mmoja wenu kaipanga Vita na Amani ya Tolstoy juu ya friji, jildi zote, kaipiga picha kaituma nyumbani. Mwenzake, anayejiona mjanja zaidi, anasaka kwenye simu muhtasari wa Uhalifu na Adhabu ya Dostoevsky "ili Septemba nisihangaike". Sikusema kitu kwa sababu chai niliyokuwa nakunywa ilikuwa yao. Sasa nasema.

1. Anzeni na kifupi, tena cha msimu huuhuu mliomo. Chukueni Malisho ya Bezhin ya Turgenev, ya mwaka 1851. Mwindaji kapotea njia usiku wa Julai, anawakuta watoto watano wanachunga farasi. Farasi wanalishwa usiku kwa sababu mchana joto na nzi haviwapi nafasi. Viazi vinachemka chunguni, watoto wanatishana kwa habari za mizimu na waliozama mtoni. Ukikulia pwani kwenye hadithi za majini, humo huhitaji mwalimu. Kirusi chake kigumu kwenye maelezo ya anga na nyasi. Pitieni tu, mtarudi. Ila mistari ya mwisho kuhusu Pavlusha, mmoja wa watoto hao, msiiruke.

2. Muhtasari. Hapa mnivumilie.

Mwaka wangu wa pili nilivuta bileti ya mtihani wa mdomo, yenye swali la Uhalifu na Adhabu. Kitabu sikuwa nimekifungua. Nilikuwa na muhtasari niliorithi kwa kaka mmoja aliyemaliza. Ulitaja shoka, ulitaja bibi mkopeshaji, ulitaja kitanzi ambacho Raskolnikov, kijana aliyemuua bibi huyo, alikishona ndani ya koti, chini ya kwapa la kushoto, shoka lining'inie bila kuonekana. Mwezi haukutaja. Nikapiga hesabu za mtu wa Tanga: koti, tena Urusi, basi ni Januari. Nikaanza kumwaga. Nikamtembeza kijana wa watu kwenye theluji, nikaeleza alivyohofia nyayo zake zisije zikamsaliti, na kwa kuwa mwalimu alikuwa kimya nikadhani nimemkuna, nikamwongezea upepo wa mto Neva na vidole vilivyokufa ganzi. Yule mama akavua miwani, akanisogezea kitabu, akaniambia nisome sentensi ya kwanza kwa sauti. Mwanzoni mwa Julai. Joto la kupindukia. Jioni. Waliokuwa nyuma yangu wakisubiri zamu zao waliinamisha vichwa mezani mabega yakiwatikisika. Nikatoka na mkia, yaani mtihani wa kurudia, wa mpaka Septemba, pamoja na jina la Ded Moroz, yule Babu Baridi wa Mwaka Mpya wa Warusi, ambalo wapo wanaoniita hadi leo.

Mkia niliumaliza. Kilichoniuma zaidi nilikiona Julai hiyohiyo, hosteli imebaki tupu, maji ya moto yamekatwa kama kawaida ya kiangazi huku, nami nimelala chini kwenye sakafu nakisoma hatimaye. Joto nililolifuta ndilo linaloisukuma hadithi. Vumbi, chokaa, matofali, harufu za vilabu vya pombe, na ule uvundo ambao Dostoevsky anasema kila mkazi wa Petersburg asiyemudu kupanga dacha, nyumba ya mapumziko ya kiangazi nje ya mji, anaujua vizuri. Yaani wenye uwezo wameshaondoka. Waliobaki mjini wameachiwa uvundo. Chumba cha kijana ni kama kabati, chini ya paa la nyumba ya ghorofa tano. Na lile koti? La majira ya joto, la pamba nzito, na ndilo pekee alilokuwa nalo. Muhtasari wangu haukusema hata hilo.

3. Tarehe za riwaya za karne ya 19 ongezeeni siku 12 mpate tarehe za leo, kalenda ya Urusi ilikuwa ya zamani.

4. Majina yaandikeni kwenye karatasi: Rodya, Rodion Romanovich na Raskolnikov ni mtu mmoja. Msinipigie simu usiku kuniuliza.

5. Tolstoy simkatazi. Fungueni Anna Karenina, sehemu ya tatu, Levin anapofyeka nyasi na wakulima. Yeye ni bwana shamba, hana haja ya kushika fyekeo, na jua linamchoma. Mzee wa pembeni anachota maji ya mto kwa kijaluba cha bati cha kuwekea kinoo, anampa. Maji ya uvuguvugu, majani yanaelea, yana ladha ya kutu, na Levin anaona hajawahi kunywa kitu kitamu namna ile. Baada ya hapo someni sehemu ya sita wanavyogombania jemu: itiwe maji au isitiwe. Mimi jemu hiyo huisoma kila mwaka. Vita vya Borodino, vya kwenye Vita na Amani, vinaweza kusubiri.

6. Mkialikwa dacha na bibi wa mwanafunzi mwenzenu, nendeni, na kwenye elektrichka, treni ya kwenda nje ya mji, msome tamthilia ya Chekhov, Bustani ya Micheri. Lopakhin, mfanyabiashara, anataka bustani ikatwe viwanja vya dacha, na mwaka 1904 huyo anatabiri kwamba mtu wa dacha, ambaye kwa sasa anakunywa chai tu barazani, huenda siku moja akaanza kulima kakipande kake. Mtamuamini mkifika, maana kabla hamjavua viatu mtakuwa mmeshapewa jembe na tuta la viazi. Bebeni dawa ya mbu.