Jibu: Bustani ya kuwapeleka watoto wanaopenda hadithi

Ndugu yangu, umeuliza ni bustani gani hapa Mombasa itakayowaonyesha watoto mambo wanayoyasoma katika vitabu vya hadithi. Mimi ningewapeleka Haller Park, Bamburi, kwa kuwa hapo kisa chenyewe kilitokea: Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, aliletwa humo, akamganda kobe mkubwa wa Aldabra (visiwa vya Shelisheli) aitwaye Mzee, wakawa wakila na kulala pamoja, hata wakaandikiwa vitabu vya watoto. Wasomee kwanza nyumbani, na uwaeleze kwamba Owen alikwisha kuhamishiwa kwa kiboko mwenzake, wasije wakamlilia langoni.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, ajabu kubwa zaidi ni ardhi yenyewe. Palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, makavu kabisa, mpaka mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda mivinje mnamo 1971 na kuwaleta majongoo, ambao kwa kula majani yaliyoanguka walisaidia kufanyiza udongo uliokuza msitu wa leo. Nendeni mkiwa na maji ya kunywa, na uulize saa ya kuwalisha twiga.